Shangazi, niache kazi kwenye tovuti ya gemu nikajitegemee?

Shikamoo Shangazi,

Samahani barua itakuwa ndefu manake hili jambo nimekaa nalo muda mrefu na nyumbani wameshachoka kunisikia.

Mimi ni mwandishi wa habari za gemu. Nimeajiriwa kwenye tovuti kubwa tu, inamilikiwa na kampuni yenye tovuti zingine kibao, za simu, za sinema, za magari, na mabosi wa juu kabisa sidhani kama wamewahi kushika padi ya kuchezea gemu. Hiyo peke yake sio shida, mshahara unaingia tarehe ileile kila mwezi na nina watoto wanaosoma. Shida ni kazi yenyewe ilivyogeuka. Nilipoingia nilikuwa naandika rivyu, nahoji watengenezaji, naandika makala ndefu za studio ndogo ambazo hakuna anayeziangalia. Sasa hivi siku nzima naandika miongozo, namna ya kumshinda bosi fulani, yaani adui mkubwa wa ndani ya gemu, wapi pa kupata upanga fulani, jibu la fumbo la leo, gemu fulani inafunguliwa saa ngapi, na hata kichwa cha habari sikichagui mimi, kinatoka kwa mtu anayeangalia watu wanatafuta nini Google. Alafu tangu Google ianze kuweka majibu ya AI juu kabisa ya ukurasa hata hao wasomaji wa miongozo wamepungua, na dawa waliyoiona mabosi ni kwamba tuandike mingi zaidi.

Kilichonimaliza ni hiki. Nilifanya rivyu ya gemu moja kubwa nikaipa 5 kati ya 10 na nikaeleza vizuri kwanini, hadithi imekatwa katikati, mapigano yanajirudia, na kwenye kompyuta yangu ilikuwa inakwama kila nikiingia mjini. Siku embago inaisha, yaani siku tunayoruhusiwa kuchapisha rivyu, nafungua tovuti yetu nakuta ukurasa wa mbele wote umepakwa tangazo la gemu hiyohiyo, kushoto na kulia, shujaa wake kasimama na bunduki, rivyu yangu ipo hapo katikati. Alama hawakuigusa. Ila ile aya ya kukwama imeshushwa chini kabisa, na neno "inachosha" limetolewa kwenye kichwa cha habari. Nikamuuliza mhariri akasema walitaka iwe na uwiano. Hakuniangalia usoni.

Huyo ni mhariri mpya. Yule aliyeniajiri alipunguzwa, na alijua amepunguzwa pale nywila yake ilipokataa asubuhi.

Sasa, tuna podikasti tunafanya watu watatu, mimi na wenzangu wawili, na kiukweli hicho ndo kitu pekee bado nakipenda. Wasikilizaji wanatuandikia kwa majina yetu, wanakumbuka mabishano ya zamani kuliko sisi wenyewe. Lakini jina la podikasti ni la kampuni na akaunti zote ni za kampuni. Mwenzangu mmoja anasema tuondoke hata kesho tufungue Patreon, pale mashabiki wanapokulipa kila mwezi, na kila siku anatutajia Giant Bomb, Second Wind, Aftermath, za waandishi wa gemu wanaojitegemea. Mwingine anaogopa, ana mkopo wa nyumba. Mimi niko katikati yao, na kuna siku nawaza bora niondoke peke yangu tu nianzishe jarida la barua pepe, niandike ninachotaka bila kumsubiri mtu.

Shangazi, waandishi wa gemu tuondoke kwenye haya makampuni au tuvumilie? Na mimi je?

Mwandishi Aliyechoka

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na jibu ili usisome kwa wasiwasi: ondoka, ila usiondoke peke yako na usiondoke sasa hivi. Katika yote uliyoandika hilo la jarida la peke yako ndo limenitisha kuliko hata tangazo la yule shujaa mwenye bunduki.

Lakini tuanze na hilo la rivyu kwanza kwasababu najua ndo linakuuma. Mwaka 2007 Jeff Gerstmann alikuwa mhariri wa tovuti ya gemu ya GameSpot, akaipa gemu ya Kane & Lynch: Dead Men alama 6.0 wakati tovuti yenyewe imejaa matangazo ya gemu hiyohiyo, na haukupita muda akafukuzwa. Miaka ikapita bila yeye kuweza kueleza hadharani kilichotokea, kwasababu ya makubaliano ya wakati anaondoka, mpaka 2012 ndo akafunguka kwamba uongozi ulikuwa unabanwa na watangazaji wasiopenda alama zao. Kwa hiyo hujawa na kichaa mwanangu, ulichokiona ulikiona kweli, na kushusha aya ya kukwama chini ya ukurasa ni kumdanganya mtu anayetaka kununua gemu kwa hela yake.

Sasa angalia alichofanya baada ya kufukuzwa. Mwaka 2008 ikaanzishwa Giant Bomb, na hakuianzisha peke yake, wenzake kadhaa wa GameSpot waliacha kazi wakamfuata, watu ambao wasikilizaji walikuwa wanawajua sauti zao tayari. Na hiyo Giant Bomb nayo imepita mengi, 2012 ikanunuliwa na CBS Interactive, kampuni ambayo wakati huo ndo ilikuwa inamiliki GameSpot, 2020 ikaenda Red Ventures, 2022 ikaenda Fandom, na Mei 2025 wafanyakazi wake wawili, Jeff Bakalar na Jeff Grubb, wakainunua wakaitoa kwenye kampuni. Huyo mwenzako anapoitaja Giant Bomb amwambie na mwenye mkopo kwamba ni safari ya miaka kumi na saba ya kuingia na kutoka, na kilichoishikilia muda wote ni wasikilizaji waliokuwa wanalipa uanachama kwa ajili ya watu fulani.

Wapitie na wale wengine. Second Wind ilizaliwa Novemba 2023 pale tovuti ya The Escapist walipomfukuza mhariri mkuu wao Nick Calandra na timu ya video ikajiuzulu nyuma yake, akiwemo Yahtzee Croshaw aliyekuwa anafanya kipindi cha rivyu za video cha Zero Punctuation tangu 2007. Jina la kipindi likabaki kwa kampuni. Akaanza kipya akakiita Fully Ramblomatic, na watu wakajiunga Patreon kwa maelfu ndani ya siku chache, manake walikuwa wanaifuata sauti yake. Mwezi huohuo Aftermath ikaanzishwa na watu watano waliotoka Kotaku, tovuti ya gemu, na Vice, wanaimiliki wenyewe. Remap ilitoka kwenye kufungwa kwa Waypoint, kitengo cha gemu cha Vice, mwaka huohuo. Easy Allies walitoka kwenye kufungwa kwa tovuti ya video ya GameTrailers 2016. Unaona kitu gani? Mimi naona vikundi. Naona watu waliokuwa wanasikika na kuonekana kwa miaka kabla ya kuomba senti ya mtu, na karibu wote wana podikasti au video ndani yake.

Utaniambia mbona Stephen Totilo ana jarida lake la Game File na ni yeye mwenyewe. Ni kweli, na ni zuri. Lakini yule aliongoza Kotaku miaka mingi, akapita tovuti ya habari ya Axios, wakubwa wa studio wanapokea simu yake. Wewe mwanangu una watu wa namna hiyo kwenye simu yako? Kama unao, futa aya hii. Kama huna, basi ulichonacho cha thamani ni ile podikasti, na podikasti ni nyinyi watatu.

Kuna na sababu nyingine ya kukukataza upweke, nayo ni ya kazi za kila siku. Ukiwa peke yako wewe ndo mwandishi, wewe ndo mhariri, wewe ndo wa kujibu mteja ambaye kadi yake imekataa, wewe ndo wa kukata na kupanga sauti za podikasti usiku, alafu unaugua mafua wiki ambayo gemu kubwa nne zinatoka kwa pamoja na hakuna kinachotoka kwako kabisa, na wanaolipa wanaona. Na hakuna mtu wa kukwambia "hii aya umeandika ukiwa na hasira, ilaze mpaka kesho". Mhariri mzuri ni kitu ambacho waandishi wanaojitegemea wengi hawakioni thamani yake mpaka wamkose.

Hesabu sasa, na naomba mkae nayo mezani wote watatu. Tuseme watu 1,000 wanakubali kulipa dola 5 kwa mwezi, unaona dola 5,000 na moyo unafurahi. Patreon kwa wanaofungua akaunti sasa inachukua asilimia 10, Substack, ile ya majarida ya barua pepe, pia ni asilimia 10, alafu kuna makato ya malipo ya kadi, ambayo yana kiasi kinachokatwa kila muamala hata uwe mdogo kiasi gani, ndo maana malipo madogo ya kila mwezi yanaliwa sana kuliko malipo ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mtabaki na dola elfu nne na kidogo. Gawanya kwa tatu ni dola 1,300 na ushee kila mmoja, kabla ya kodi, kabla ya bima ya afya, kabla ya mikrofoni na kabla ya kununua magemu yenyewe. Na watu 1,000 wanaolipa sio watu 1,000 wanaosikiliza, kati ya wanaosikiliza bure wanaotoa kadi ni wachache sana. Muweke bei ya mwaka tangu siku ya kwanza, na muwaelekeze watu wajiunge kupitia tovuti, kwasababu anayejiunga kwa app ya iPhone Apple inaweza kuchukua mpaka asilimia 30. Alafu jueni mwezi wa kwanza unadanganya, watu wanajiunga kwa hasira dhidi ya kampuni iliyowaumiza na hasira ikipoa baadhi wanaondoka. Pangeni matumizi kwa kipato cha mwezi wa sita.

Mwenye mkopo wa nyumba sio mwoga, anahesabu. Mpeni yeye daftari la hela.

Na kwenye swali lako la jumla, kama waandishi wa gemu wote waondoke, mimi jibu langu ni hapana. Kuna kazi ambazo zinahitaji ukuta nyuma yako. Ukitaka kuandika kwamba bosi wa studio fulani ananyanyasa wafanyakazi unahitaji wakili anayesoma kila sentensi kabla haijatoka, unahitaji miezi ya kupiga simu bila kuchapisha chochote, unahitaji kampuni ambayo haitetereki ikipata barua ya vitisho. Jason Schreier alipoondoka Kotaku 2020, mtu mwenye jina kubwa kwenye uchunguzi wa hii tasnia, alikwenda Bloomberg, shirika kubwa la habari. Na 2015 Kotaku walipoeleza kwamba kampuni za gemu za Bethesda na Ubisoft zimewanyima ushirikiano kwasababu ya habari walizovujisha, waliendelea kuwepo kwasababu walikuwa wakubwa. Nyinyi watatu mkinyimwa nakala za mapema, zile wanazopewa waandishi kabla gemu haijatoka, mtanunua gemu siku ileile na kila mtu na rivyu zenu zitachelewa. Kwa podikasti hilo linavumilika, tena wasikilizaji wenu wanataka maoni yenu hata wiki mbili baadae, ila mlijue.

Hapa nataka nikae kidogo, kwasababu wengi wanaota kwamba wakitoka kwenye kampuni watakuwa hawana wa kumuogopa. Mwaka 2016 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, ilimalizana na Warner Bros. kuhusu Middle-earth: Shadow of Mordor, gemu ya 2014. Kampuni ilikuwa imewalipa watu wa YouTube maelfu ya dola waisifie, na watazamaji hawakuambiwa ipasavyo kwamba yale ni malipo. Waliolipwa hawakuwa waandishi wa kuajiriwa, walikuwa watu wanaojitegemea, wenye chaneli zao, bila mhariri na bila idara ya matangazo iliyotengwa na chumba cha habari. Yule mhariri wako hakukuangalia usoni, lakini angalau walikuwa wawili kwenye hicho chumba na wewe uliuliza. Ukiwa na chaneli yako, mwezi ambao hela haijatosha inaingia barua pepe ya kampuni ya gemu inataka "ushirikiano", nani atakuuliza? Kwa hiyo kabla hamjarekodi chochote andikeni karatasi moja, msaini wote: hatupokei hela ya anayetengeneza au kuuza gemu, safari tunajilipia, tukipewa nakala ya bure tunasema. Itundikeni mbele kabisa ya tovuti ambapo mlipaji ataiona.

Na wanaolipa nao watawabana. Siku mtaipa 5 gemu ambayo wanachama wenu wameisubiri miaka, kuna watakaofuta uanachama na kuwaandikia kwanini. Inauma kwa namna tofauti kwasababu hawa mnawajua majina. Bado mimi naona ni bora kubanwa na msomaji kuliko na muuza matangazo, manake msomaji akikasirika anakwambia waziwazi na unaweza kumjibu hewani.

Kuhusu kuvumilia, usije ukadhani kwamba kubaki ndo usalama. Jarida la Game Informer lilikuwepo tangu 1991, na Agosti 2024 wamiliki wake GameStop, wenye maduka ya gemu, wakalifunga ghafla, na tovuti yote na miaka yake ya makala ikatolewa hewani. Limerudi 2025 baada ya kununuliwa na watengenezaji gemu wa Gunzilla Games na wafanyakazi wakarudishwa, lakini hakuna aliyekuwa na uhakika wa hilo siku ile. Tovuti ya gemu ya Polygon ikauzwa na Vox Media kwa kampuni ya Valnet Mei 2025 na watu wengi wakapoteza kazi hapohapo. Kwa hiyo leo usiku, kabla hujalala, weka nakala za makala zako zote ulizozipenda, kwa faili na pia kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayohifadhi kurasa za wavuti. Chukua kazi zilizochapishwa tu, mafaili ya ndani ya kampuni usiyaguse.

Alafu toa mkataba wako uusome neno kwa neno. Tafuta kipengele kinachosema huruhusiwi kufanya kazi kwa washindani, kinachosema ulichobuni nje ya saa za kazi ni cha nani, na kinachosema ukiondoka huruhusiwi kuwachukua wenzako kwa muda fulani, hicho cha mwisho ndo kinaweza kuwaumiza watatu nyinyi. Mlipeni wakili wa masuala ya ajira saa moja, mchange wote. Jina la podikasti msiliwazie sana, Croshaw aliliacha lake. Kinachouma ni orodha ya wasikilizaji, ile ambayo kipindi kipya kinawafikia wenyewe kwenye simu, hiyo mtaiacha na mtaanza na sifuri. Ndo maana nasema msiondoke sasa hivi. Kila mmoja wenu awe na tovuti ndogo yenye jina lake na sehemu ya kuacha barua pepe, kama mkataba unaruhusu, na wasikilizaji wajue mnapatikana wapi. Orodha ya barua pepe ni yenu, hakuna anayeweza kuwanyang'anya asubuhi kwa kubadilisha nywila.

Na jambo la hela ambalo wenye hasira hulisahau: ukijiuzulu leo na kampuni ikapunguza watu mwezi ujao, umeacha kiinua mgongo mezani. Kama dalili za kupunguzwa zipo, subirini. Hiyo hela ndo mtaji wenu. Ikija na karatasi ya kusaini usisaini siku hiyohiyo, mpe wakili aangalie kama inakufunga mdomo. Kama kuna chama cha wafanyakazi hapo kazini jiunge leo, hao ndo wanaojua waliotangulia walipewa nini.

Wakati unasubiri, pigania kazi yako hapohapo. Rivyu ikiguswa andika barua pepe, sio kwa mdomo, uulize aliyebadilisha ni nani na kwanini, na uombe kwamba mabadiliko ya maana yapite kwako kabla ya kuchapishwa. Kwa heshima, bila vitisho. Ukishindwa, omba jina lako litolewe kwenye hiyo rivyu. Na ile makala ya studio ndogo uliyoacha kuandika, iombe tena, hata moja kwa mwezi, kwasababu siku mkiwa nje watu watataka kuona unaweza nini zaidi ya kumpiga bosi wa gemu.

Anza na mkataba na wakili. Akishawajibu kuhusu kipengele cha kuondoka na wenzako, niandikie, na unitajie mmekusanya barua pepe ngapi za wasikilizaji. Hapo tutazungumza tarehe.

Shangazi